Jinsi Tulivyokichapa Kitabu cha Dekha

Majuzi walikuja kwangu vijana wa chuo, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na simu mkononi na hadithi ndani ya simu. Wakaketi mkekani, wakanywa chai, wakazungukazunguka na salamu, na mwishowe msichana mmoja mwenye miwani akasema, "Mama Taib, tunataka kutoa kitabu chetu cha hadithi fupi. Wachapishaji wa Nairobi hawatujibu. Tuanzie wapi?"

Sikuwajibu vizuri siku ile. Mguu ulikuwa unaniuma na mjukuu alikuwa analia. Nilisema tu, "Anzieni kwa kuzisoma kwa sauti," nao wakayaandika hayo kwenye simu zao, wakashukuru, wakaenda. Walipotoka nikaona nimewapunja. Watoto wale wametembea juani kuja kwangu, nami nimewarudisha na neno moja. Ndiyo maana naandika haya. Yawe jibu lao, na la wenzao wowote wanaoandika hapa Garissa, au Wajir, au hata kule Banissa ambako najua yuko mwalimu anayeandika kila Ijumaa baada ya swala.

Kwanza niwaeleze jina langu, maana wengi huuliza. Mimi si Taib. Mimi ni Mutheu, mzaliwa wa Mwingi, niliyeletwa Garissa na kazi ya kupiga taipu nikiwa msichana. Watu waliniita Mama Taipu, na kwa kuwa p midomoni mwa Wasomali wengi hugeuka b, nikawa Mama Taib. Wageni hudhani ni jina la dini. Nimewahi kuletewa kadi ya Idi yenye jina hilo kwa herufi za dhahabu, nami Mkristo nikaibandika ukutani, nikaketi chini yake kupiga taipu ratiba ya kwaya.

Kazi nilifundishwa na Bi Zaina, mama wa Lamu aliyekuwa mkubwa wa wapiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Alikuwa mfupi, mkali, na harufu ya udi ilifika mlangoni kabla yake. Siku moja mwalimu mkuu wa shule fulani alileta tangazo la wazazi. Aliandika: "Kila mzazi amlete mtoto wake na maji ya kunywa akiwa amechemshwa." Nikalipiga taipu kama lilivyo, bila hata kosa la herufi, nikajisifu moyoni. Bi Zaina akalisoma, akavua miwani.

"Mutheu, wewe ni mikono tu au una macho pia?"

"Ndivyo alivyoandika, Bi."

"Ndivyo alivyoandika. Basi nenda wewe ukawachemshe hao watoto."

Tangu siku hiyo sikupiga taipu kitu nisichokielewa. Nanyi mkipeleka kazi yenu kwa mtu wa kompyuta, mwangalieni. Akipiga huku akitazama mpira kwenye televisheni, ondokeni na karatasi zenu taratibu.

Bi Zaina ndiye pia aliyenifundisha kusahihisha kwa watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye mswada, mwingine anafuata kwa rula kwenye nakala iliyopigwa, mstari kwa mstari. Anayesoma hasomi maneno peke yake. Anasema na "mkato," anasema na "nukta," anasema "fungua usemi," "funga usemi." Mtu akipita nje hudhani mna wazimu. Lakini jicho la mtu mmoja huona linachotaka kuona, hasa likiwa jicho la aliyeandika. Siku hizi kompyuta hukupigia mstari mwekundu chini ya makosa. Hapa kwetu imenipigia mistari chini ya majina ya watu wote wa ukoo mzima, na neno lililokosewa kweli ikalipita.

Nilipotoka serikalini nilifungua duka langu dogo karibu na soko. Nilianza na mashine ya taipu na stensili, ile karatasi ya nta ambayo ukikosea herufi moja unaipaka dawa nyekundu na kuipuliza kama kidonda. Kisha ikaja kompyuta, kisha printa, kisha mashine ya kuunganisha vitabu kwa gundi ya moto. Nimepiga barua za mapenzi, mikataba ya ngamia, maombi ya kazi ya vijana waliokuwa wakienda kufanya kazi na mashirika katika kambi ya wakimbizi ya Ifo. Vitabu nilitengeneza vichache, lakini ndivyo nivikumbukavyo. Cha Dekha nakikumbuka zaidi ya vyote.

Dekha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, mzaliwa wa Kotile kule Ijara. Mrefu, mpole, mwenye tabia ya kucheka kwa kufunika mdomo na ncha ya mtandio. Alinijia mchana mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi.

"Mama Taib, hizi ni hadithi. Nimeandika tangu nilipoanza kazi. Sitaki tena kungoja Nairobi. Nitatoa mwenyewe."

"Ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

Nikamwambia kwanza aende nazo nyumbani, azisome zote kwa sauti mbele ya mtu, na ile itakayomfanya aruke kurasa aiache huko huko. Alirudi mfuko ukiwa umepungua kama nusu. "Nilimsomea dada yangu," akasema. "Zingine alilala."

Hilo ndilo lile nililowaambia siku ile mguu ukiniuma. Mkusanyiko wa hadithi si ghala. Watu wengi hutia kila walichoandika kwa sababu waliumia kukiandika, na msomaji hana habari na maumivu yenu. Acheni zile ambazo mkizisoma wenyewe mnakohoa kohoa. Mbele wekeni hadithi fupi yenye nguvu, kwa maana mtu akiwa dukani amesimama husoma ukurasa wa kwanza tu. Mbili zinazofanana zisikae jirani.

Tukaanza kazi. Yeye akija jioni baada ya shule, mimi nikipiga, tukisahihisha kwa sauti pamoja kama nilivyofundishwa. Tuligombana wiki ya kwanza. Nilikuwa nimepiga hadithi yake ya mchuuzi wa mitumba, mama wa Kisomali anayebishana na mteja wa bara. Kwenye mswada yule mama alisema, "Wewe nataka hii au hataki? Bei ni hiyo hiyo, wallahi, mimi hapana bunguza." Nami, kwa adabu ya Bi Zaina, nikamsafisha: "Je, unaitaka hii au huitaki? Bei ni ile ile, wallahi, mimi sipunguzi."

Dekha alisoma, akaacha kucheka.

"Mama Taib, huyu ni nani?"

"Ni yule mama wa mitumba."

"Huyu si yeye. Huyu ni mtangazaji wa redio. Umemvua nguo mama wa watu ukamvika suti."

Nilikasirika, kusema kweli. Lakini usiku ule nilipokuwa napika nilijikuta nikimsikia yule mama kichwani mwangu, na alikuwa akisema "bunguza." Kesho yake nikamrudishia maneno yake. Tukakubaliana hivi: pale mwandishi anaposimulia, Kiswahili kiwe kimenyooka, ngeli zote mahali pake; pale watu wanapozungumza, wazungumze kama wanavyozungumza. Msimruhusu msahihishaji yeyote awasafishie watu wenu hadi wafanane.

Hadithi iliyonikalisha kimya ilikuwa karibu na mwisho. Aliiita "Matope." Lori linatoka kijijini kuelekea mjini wakati wa mvua, limebeba abiria juu ya magunia. Katikati ya njia linazama kwenye matope meusi. Miongoni mwa abiria kuna mama mmoja aliye na mtoto mwenye homa, anayempeleka hospitali. Wanaume wanachimba, wengine wanakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Jua linapanda, linaanza kushuka, na kabla ya alasiri yule mtoto anafia mikononi mwa mama yake. Hakuna maji ya kumwosha ila yale ya kunywa. Basi abiria mmoja anashuka na kidumu chake, anakiweka chini bila neno. Kisha mwingine. Kisha wote, hadi tone la mwisho, na hakuna aliyejua lori litatoka lini.

Nilipomaliza kuipiga niliinuka nikaenda kusimama mlangoni. Dekha alikuwa akijishughulisha na pini za karatasi.

"Hii ilitokea?" nikamwuliza.

"Ilitokea. Nilikuwa kwenye lile lori. Nilikuwa narudi shule, msichana wa sekondari."

"Na huyu mama?"

"Yupo. Kotile. Ni jirani yetu, namwita habaryar, mama mdogo. Anaitwa Sahara."

"Anajua umeandika?"

Akazipanga upya zile pini.

Vijana, hapa nisikilizeni. Niliwahi kumtengenezea mtu kijitabu alichomsimulia ndani yake mjomba wake, akidhani mjomba hatakijua kwa sababu alimbadilisha jina. Mjomba alijijua kwa kikohozi. Watu hujijua kwa vitu ambavyo hata hukuvifikiria, na ule ugomvi uliamuliwa na wazee kwa siku nyingi. Kwa hiyo nikamwambia Dekha, "Hii hatuipeleki kwa mchapaji kabla Sahara hajaisikia."

"Nimeficha kila kitu. Hakuna Kotile, hakuna jina la mtu."

"Nimeona."

"Na akikataa? Mama Taib, hii ndiyo hadithi yenyewe. Hizi nyingine ni wenzake wa kuisindikiza."

"Akikataa, tunaitoa, tunachapa za kusindikiza."

Alikusanya karatasi zake akaondoka bila kuaga, jambo ambalo si desturi yake. Siku kadhaa hakuja. Nilidhani nimepoteza kazi na rafiki pamoja. Kisha akatokea mlangoni asubuhi ya Jumamosi, amevaa kisafari. "Twende wote," akasema. "Peke yangu siwezi."

Tulimkuta Sahara kivulini kando ya nyumba yake akisuka mkeka wa ukindu, mama wa makamo, mikono yake haisimami hata akisalimu. Alimpokea Dekha kwa furaha, akatuletea chai ya maziwa, akaniuliza habari za watoto wangu kwa Kiswahili chake kidogo nami nikamjibu kwa Kisomali changu kidogo, tukachekana. Ndipo Dekha akasema amekuja na kitu alichokiandika, na kwamba kinamhusu.

Akasoma. Alikuwa akitazama Kiswahili kwenye karatasi na kukitoa kwa Kisomali, polepole. Baada ya miaka yangu mingi hapa nilifuata karibu yote. Vidole vya Sahara viliendelea kusuka. Vilisuka lori lilipozama, vilisuka watu wakichimba. Mtoto alipokufa vikasimama. Havikuanza tena mpaka mwisho.

Mbuzi mmoja alikuwa akijikuna kwenye kigingi.

"Huyu mtoto ni nani?" Sahara akauliza.

"Habaryar, unamjua."

"Mimi namjua. Kitabu chako hakimjui. Mtoto, mtoto, mtoto, kama mbuzi wa kuokotwa. Hakuwa na jina?"

"Alikuwa nalo."

"Litaje."

"Ubah," Dekha akasema.

"Ubah. Kwa nini umemficha?"

"Nilikuwa nakuficha wewe. Nilidhani utaona haya watu wakijua ni wewe."

"Haya ya nini? Kufiwa ni haya?" Akaokota ukindu, akautupa. "Na gauni lake halikuwa jekundu. Lilikuwa kijani. Nililishona mimi."

Nikadhani yamekwisha, na kwa kweli nikafurahi, kwa sababu jina na rangi ya gauni ni kazi ya dakika chache. Lakini Sahara alikuwa bado anamtazama Dekha.

"Umesema nilikuwa nimempakata."

Dekha akainama.

"Sikuwa nimempakata. Nilikuwa chini na panga, nakata matawi na wanaume. Nilidhani tukiharakisha tutafika. Wewe ndiye uliyekuwa naye juu ya magunia. Kwako ndiko alikofia. Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Nilitaka uwe umempakata," Dekha akasema. "Kila mwaka nilipoiandika upya nilikupa wewe. Nilitaka awe alikuwa na mama yake."

Sikujua nitazame wapi. Nilimfahamu Dekha kwa msimu mzima, tumesoma pamoja kila mkato na kila nukta, na hakuwahi kunidokeza hili. Kumbe yule aliyefichwa ndani ya hadithi zaidi ya wote alikuwa yeye. Msichana wa sekondari, sare ya shule kwenye sanduku, na mtoto wa jirani anakata roho mapajani mwake, naye hajui amwite nani kwa sababu kila mtu yuko chini kwenye matope.

Sahara alisogea, akamshika mkono.

"Hujaniambia kamwe," akasema. "Nami sikukuuliza, nilikuona mdogo. Alisema kitu?"

"Aliuliza kama tumefika."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tumekaribia. Akasema haye, akaniegemea."

Sahara akarudia neno hilo la kukubali, kama anayeonja: "Akasema haye." Kisha akalia, na Dekha akalia, nami mgeni wa Mwingi nikalia na kikombe cha chai mkononi. Alipojifuta alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza kitu sokoni, "Andika hivyo. Andika jina lake, andika na langu, andika na Kotile. Na uandike kwamba ulimshika. Miaka yote hii nilikuwa nafikiri hukumsemesha, alikufa kama aliye peke yake juu ya magunia, watu wote wako chini. Nikilala naona hivyo. Sasa nataka iandikwe alikuwa na mtu."

Tukarudi Garissa.

Dekha aliiandika upya kwa muda usiozidi wiki, na niwaambie ukweli, ile ya kwanza ilikuwa nzuri na hii ilikuwa nyingine kabisa. Msidhani mkificha ndiyo heshima siku zote. Pengine ni heshima. Pengine mnamnyima mtu kitu chake. Hamtajua mpaka muulize, na kuuliza ndiko kunakotisha kuliko kuandika.

Sasa nirudi kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo tulipochekeshwa na kompyuta. Dekha, kwa haraka ya furaha, alikaa kwenye mashine yangu nikiwa nimetoka kununua karatasi, akaiamuru ibadilishe neno "mtoto" liwe "Ubah" kila lilipo. Kila lilipo, katika kitabu kizima. Niliporudi nikaanza kusoma hadithi ya kwanza, ya karani wa benki, nikakuta: "Akafungua Ubah wa meza akatoa mihuri." Nikaendelea. Kwenye hadithi ya mzee kipofu: "Daktari alimwambia ana Ubah wa jicho." Nilimwita Dekha. Alisoma, akafunika mdomo na mtandio, tukacheka hadi mwenye duka la viatu akaja kuuliza kuna nini. Kicheko kile tulikihitaji. Lakini msiige. Kabla ya kuamuru mashine ibadilishe chochote, hifadhini nakala safi pembeni, kisha badilisheni moja baada ya nyingine kwa macho yenu. Tulifanya hivyo, na kumbe ndivyo ilivyofaa hata kwa "Matope," kwa sababu si kila mahali palitaka jina. Pale dereva anaposema "Mtoto anaumwa, ongezeni nguvu," yeye dereva hajui jina lake, basi abaki mtoto. Tulipima kila mstari.

Hadithi ilikuwa imerefuka. Kurasa za kitabu huchapwa kwa mafungu kwenye karatasi kubwa inayokunjwa. Mkizidisha kidogo tu, mchapaji anaanza fungu jipya na nyuma mnabaki na kurasa tupu nyingi kama shamba lisilolimwa. Ilibidi kitu kitoke. Dekha akaitoa ile ya karani wa benki, iliyonichekesha kuliko zote. Niliitetea. Alisema, "Itangoja kitabu kingine," na akawa sahihi, ilingoja.

Mengine niyataje kwa haraka. Upande wa ndani wa ukurasa uacheni mpana, la sivyo maneno humezwa kwenye mgongo wa kitabu na msomaji inabidi akipasue ili amalize sentensi. Karatasi yenye rangi ya maziwa haichomi macho kwenye jua letu kama nyeupe. Ile namba ya nyuma iitwayo ISBN iombeni mapema, msiikumbuke kitabu kikiwa mashineni. Msichape nyingi. Chapeni chache, ziishe, mchape tena. Nimeona masanduku ya vitabu yakiliwa na mchwa huku mwenyewe akisema watu hawapendi kusoma. Na kabla ya yote itisheni nakala moja ya prufu, iliyofungwa kama kitabu kamili, mkae nayo. Kosa ambalo halionekani kwenye kioo cha kompyuta hujitokeza lenyewe kwenye karatasi.

Prufu ya kwanza ilitufikia kwa basi kutoka kwa mchapaji mmoja wa Nairobi. Jalada lilikuwa na ngamia. Ngamia mkubwa, jua jekundu nyuma yake. Katika kitabu kizima hamna ngamia hata mmoja anayefanya kitu. Dekha akampigia simu.

"Ndugu yangu, huyu ngamia katoka hadithi gani?"

Nilimsikia kijana upande wa pili akisema kwamba watu wakiona ngamia wanajua ni kitabu cha huko.

"Huku sisi wenyewe tunajua tuko huku," Dekha akamwambia. "Mtoe." Jalada likachapwa na maandishi tu, jina la kitabu na jina lake. Lilipendeza.

Tulikizindua katika ukumbi wa shule yake, alasiri, madirisha wazi, viti vya wanafunzi ambavyo watu wazima walivikalia magoti yakiwa kidevuni. Walikuja walimu wa bara na walimu wa hapa, wafanyabiashara wa sokoni, wazazi, na mtu mmoja aliyepita njia akaona chai. Sahara alikuja kutoka Kotile na binti zake. Aliketi mbele, mkono wa kulia, shali mpya ya garbasaar mabegani. Sikujua kama Dekha angethubutu kuisoma "Matope" mbele yake. Alipofungua kitabu na kukilaza wazi karibu na mwisho, nikajua.

Alisoma kwa Kiswahili, watu wametulia. Lori likazama. Wanaume wakachimba. Sahara wa kwenye kitabu akashuka na panga, na Sahara wa kwenye kiti akanyoosha mgongo. Kisha Dekha akafika pale msichana wa shule anapompakata mtoto juu ya magunia, mtoto wa gauni la kijani, akasoma jina lake lote, Ubah na jina la baba yake, na kwamba hapo ndipo alipofariki.

Mzee mmoja nyuma kabisa, ambaye sidhani aliwahi kufika Kotile, akasema kwa sauti ya chini, "Allaha u naxariisto." Mungu amrehemu. Hakuwa amepanga, ndivyo mtu wa hapa anavyojibu akisikia jina la marehemu. Aliyekaa karibu naye akasema vivyo hivyo, na wa mbele yake, kisha ukumbi mzima, mstari kwa mstari, na walimu wa bara wakasema amina. Ubah akaombewa na watu ambao hawakumjua, alasiri moja, mjini ambako hakuwahi kufika.

Dekha alishindwa kuendelea. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari ule ule. Nilitaka kuinuka nimpokee kitabu. Sahara akaniwahi. Hakuinuka. Aliegemea mbele tu, akasema kwa Kisomali, taratibu, akimwita hooyo kama mama anavyomwita mwanawe, kila mtu akasikia:

"Soma, hooyo. Usimwache hapo njiani."

Dekha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasoma hadi mwisho.